Njia Zisizo na Kibao: Kisa cha Lushoto

Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ina urefu wa kilomita 33 hivi. Anayekaa dirishani upande wa bonde huanza kuona, kabla basi halijafika hata Soni, vijia vya udongo mwekundu visivyohesabika. Vinakwea mlima bila kuzunguka, vinapenya kwenye migomba, vinazama kwenye miwati na kuibukia ng'ambo ya korongo. Vimekanyagwa na watu wanaokwenda shamba, gulioni, msikitini, kanisani, shuleni na ukweni. Hakuna mhandisi aliyevipima.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, vijia hivyo ndivyo Lushoto inavyowauzia wageni. Wakati huo SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, lilikuwa likisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni Tanzania, na Lushoto ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Hoja yenyewe haikuwa ngumu. Huku hakuna simba wala tembo wa kumvuta mgeni. Kuna milima, baridi, mashamba, na watu ambao kutembea kwa miguu ni maisha yao ya kila siku. Kijana anayezijua njia na anayeweza kuzungumza na mgeni atapata kazi, na vijiji vitapata mchango wa maendeleo.

Basi kisa chenyewe ni hiki. Mji mdogo umejenga biashara ya kutembea juu ya njia ambazo biashara hiyo haizimiliki. Sehemu kubwa ya njia hizo haina kibao, na anayezitunza halipwi na anayezitembelea. Mpangilio huo umedumu karibu miaka 30. Wengi wakiutazama wanaona upungufu mmoja tu, vibao, na kila mara utasikia pendekezo la kuvisimika. Mimi naona kibao ndicho cha mwisho kukosekana Lushoto. Kinachokosekana ni njia yenyewe kutambuliwa, kwenye makaratasi ya kijiji, kuwa ni njia.

Kwanza njia zilivyopatikana. Wasambaa, wenyeji wa Usambara, waliishi juu milimani, wakiiacha nyika ya chini kwa malaria na kwa misafara. Kwa mapokeo yao, Mbegha, mwasisi wa ukoo wa Wakilindi, alikuja kwa miguu kutoka Nguu akifuata nguruwe mwitu, akagawa nyama kijiji hadi kijiji, mwisho akapewa ufalme Vuga. (Mwongoza watalii hodari hukisimulia kisa hiki mahali penye kivuli, wageni wakiwa wamechoka, na huwa hakimalizi kwa siku moja.) Wajerumani walipokuja waliifanya Lushoto makao yao ya mlimani, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea kwenda Moshi huko huko chini, kandokando ya milima. Mizigo mikubwa ikawa ya nyikani. Huku juu, ukitoa barabara chache, mguu ukabaki usafiri wa watu wote.

Baadaye kilimo kikaingia katika umbo la njia. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko katika bonde la Mlalo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko mikali. Wakauchukia, wakaupinga, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ukawa umekufa. Kuanzia mwaka 1981 ukaja mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani, ambao badala ya shuruti ulitumia miti na majani ya gwatemala yaliyopandwa kwa mistari ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa. Ukitembea leo utaikuta mistari ile, na mara nyingi utakuta njia imejibanza hapo hapo kwenye kingo, kwa kuwa hakuna mkulima anayetaka mguu wa mtu katikati ya karoti zake. Kwa maneno mengine, njia ya Lushoto ni mabaki ya mashamba. Inapita pale ambapo shamba limekubali ipite, na shamba linaweza kubadili mawazo.

Mtihani wa kwanza ni Irente. Ndiyo njia inayotembelewa kuliko zote, nayo ni fupi, kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini hadi ukingo wa jabali. Unapanda kwa upole kati ya nyumba na mashamba, unafika shamba la Irente lililo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, jirani na shule ya wasioona, kisha unaendelea hadi mlima unapokatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde, barabara kuu ya Segera kwenda Same, na nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Shambani wanauza jibini, mkate, jemu na juisi, na chakula chao cha mchana kimeshakuwa sehemu ya safari. Nimewahi kusikia watu wakibishana iwapo wageni wanafuata jabali au wanafuata ule mkate. Mimi ni wa kundi la mkate.

Irente ina njia mbili. Kuna barabara ya gari, na kuna vijia vya mkato vinavyoikata barabara hiyo mara kadhaa. Anayefuata barabara hapotei, ila atakula vumbi la bodaboda mwendo wote. Anayefuata vijia atapita uani kwa watu, ataona bomba la maji linavyogawanywa, atasalimiwa na watoto, na akiteleza atashika mche wa kahawa wa mtu. Hapo ndipo pa kuchunguza. Ukifika mwisho unalipa kiingilio cha kuangalia bonde. Ukila shambani unalipia chakula. Ukiwa na mwongoza watalii umeshalipa mjini. Mwenye mche wa kahawa hayumo popote katika hesabu hiyo, na yeye ndiye aliyeweka mawe matatu kwenye utelezi ili mama yake asianguke akitoka kisimani. Mgeni ameyakanyaga mawe yale yale.

Sisemi mwenye kahawa alipwe kila anapopitiwa. Njia ya kijijini ni ya wote, na siku watu watakapoanza kutoza ushuru mlangoni, Lushoto itakuwa imekwisha. Nasema tu kwamba pesa ya kutembea hulipwa kwenye vituo, ofisini mjini, getini msituni, mezani shambani, kitandani kwa masista wa Rangwi, na vituo havina haja ya kujali kilichopo katikati. Sehemu ya mapato ya waongoza watalii hukusudiwa miradi ya kijiji, kama madarasa na miche ya miti, na ni jambo jema. Lakini darasa si njia. Daraja la mti likioza, mwenye kulibadilisha ni mkazi mwenye panga na Jumamosi isiyo na kazi.

Magamba ni habari nyingine kabisa. Huo ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wenye zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Una geti, kibali na kiwango cha kulipa kwa raia na kwa mgeni, na una njia ambazo kuzisafisha ni kazi ya mtu anayejulikana. Ndani kuna mbega weupe kwa weusi, kima, vinyonga wenye pembe, na miti ya mkulo iliyosalia baada ya miongo mingi ya misumeno. Baridi yake ya asubuhi mwezi Julai humfanya mtu wa Dar es Salaam ajute kuacha koti. Ukitaka kujua njia inayotunzwa ikoje, nenda Magamba. Ila ni msitu usio na wakazi. Utatembea vizuri bila kuamkiwa na mtu.

Safari ndefu ndiyo inayoonyesha kisa chote kwa pamoja. Kutoka Lushoto unapanda hadi Magamba, unashuka upande wa Lukozi penye mabonde ya kabichi, hoho na viazi vinavyopakiwa kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam, unalala Rangwi kwa masista, kisha unaendelea hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya kigongo chembamba kwenye ncha ya kaskazini ya milima. Kutoka hapo unaitazama Mkomazi na Upare, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro inaonekana. Wengi huenda kwa siku tatu au nne. Kurudi ni kwa basi linaloondoka gizani kabla ya alfajiri, na anayelikosa ana siku nzima ya kuzoeana na Mtae.

Katika mwendo huo unavuka ardhi za vijiji vingi, kipande cha msitu wa hifadhi wa Magamba, na ardhi za taasisi za dini. Ukigeuka kusini badala ya kaskazini, unaingia Halmashauri ya Bumbuli, kisha msitu wa Mazumbai ulio mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kila mmiliki ana mlango wake na taratibu zake. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha njia inaanza hapa na kuishia pale bila kukatika. Na bado inafika. Kwa nini?

Kwa sababu watu wanaulizana. Hili hatulizungumzii vya kutosha sisi wenye Kiswahili. Mgeni kutoka Ulaya anamhitaji mwongoza watalii kwanza kama mdomo, kisha kama miguu. Mtanzania au Mkenya anayepanda Lushoto kwa wikiendi ana mdomo tayari, na njia za huku zimejengwa kwa mdomo. Wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo pale mjini hawana haja ya ramani kufika Irente. Watauliza.

Lakini kuuliza kuna adabu na ufundi wake, na wengi wetu wa mjini tumeusahau. Unaanza na shikamoo, unasubiri marahaba, unaulizwa unatoka wapi, unajibu, ndipo unauliza. Usiulize, "Mzee, hii ndiyo njia ya Irente?" Utajibiwa "ndiyo" kwa heshima tu, hata kama inakwenda kisimani. Uliza, "Njia ya Irente ni ipi?" ili aliyeulizwa alazimike kuchagua na kunyoosha mkono. Usiulize ya mbali. Ukiwa Lukozi ukiuliza njia ya Mtae, utaelekezwa barabarani linakopita basi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwenda Mtae kwa miguu akiwa na nauli. Uliza kijiji kinachofuata, au shule yake, au gulio lake. Na ukiambiwa "si mbali, hapo tu," uliza saa ngapi utafika, kisha ongeza nusu. Aliyekuelekeza hupanda mteremko ule na kuni kichwani akakuacha wewe na chupa ya maji.

Kuna swali ambalo halikwepeki, "Mnakwenda kufanya nini huko?" Jibu la "tunatembea tu" haliridhishi. Mtu anayebeba debe la viazi kilomita nne apate mauzo hawezi kuona sababu ya mtu mzima kupanda mlima mikono mitupu. Nimeona wageni wa Kitanzania wakitunga shughuli papo hapo: tunatafuta shamba, tunamfuata ndugu. Si lazima kudanganya. Sema umekuja kuona Usambara. Watacheka, watakuonyesha njia.

Hayo yote yanaeleza kwa nini mpangilio umedumu bila kibao. Njia inatumiwa kila siku na wenyeji kwa shughuli zao, kwa hiyo ipo. Mwenye kuijua yupo kila baada ya mita mia, kwa hiyo inajulikana. Mwongoza watalii anakuja juu ya hayo mawili, akiongeza lugha, hadithi na usalama. Tatizo la vijana wanaowavizia wageni stendi na kujiita waongozaji, ambalo lipo Lushoto kama lilivyo Arusha, halitatuliwi na kibao porini. Linatatuliwa kwa mgeni kwenda ofisini, kuomba kitambulisho na kupewa risiti.

Sasa nguzo hizo mbili, njia kutumiwa na njia kujulikana, zimeanza kutikiswa na mambo mawili.

La kwanza ni bodaboda. Mwenyeji aliyekuwa akishuka na mzigo kwa miguu sasa anapanda pikipiki, na nani atamlaumu? Lakini vijia vilivyopanuliwa kwa matairi vinachimbika mifereji, na masika ya Machi hadi Mei yakija maji yanafuata mfereji ule ule. Na vile ambavyo pikipiki haiwezi kupita vinaachwa. Kijia kisichopitwa msimu mmoja huota majani, msimu wa pili kinalimwa. Programu za ramani za kwenye simu zitaendelea kukionyesha, na mgeni anayeziamini atajikuta amesimama katikati ya maharage ya mtu akizungusha simu kutafuta kaskazini.

La pili ni kubwa zaidi, nalo halionekani kwa macho: upimaji wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na inaruhusu wanakijiji kupata hati za hakimiliki za kimila. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavipa vijiji uwezo wa kuchora mpango wa matumizi ya ardhi yao. Hati ni jambo jema. Mjane mwenye hati hafukuzwi kirahisi na shemeji. Lakini fikiria siku ya kupima. Majirani wawili wamesimama, mpaka kati yao ni kingo ya gwatemala, na juu ya kingo hiyo ndipo njia inapopita. Wote wanakubaliana mpaka ni hapo. Mstari unachorwa. Mstari kwenye karatasi hauna upana. Njia, iliyokuwa na upana wa mtu mmoja na mzigo wake, imegawanywa nusu kwa nusu bila mtu kukusudia, na miaka kumi baadaye mtoto wa mmoja wao anaweka uzio akiwa na karatasi mkononi. Hatakuwa amevunja sheria yoyote anayoijua.

Milimani ambako mashamba yamekatwakatwa kwa urithi hadi kubaki vipande vya robo ekari, uzio wa namna hiyo hauhitaji kuwa mwingi. Mmoja kwenye shingo ya kigongo unatosha kuwazungusha watoto wa shule kilomita mbili kila siku. Watalii watazunguka pia, lakini wao wako likizo.

Ndiyo maana naona pesa ya vibao inatafutwa mahali pasipo pake. Kibao kinasimikwa juu ya njia inayoweza kuhamishwa na jembe mwezi ujao, kisha kinabaki kikielekeza ukutani. Kinachotakiwa kije kwanza ni kazi ya kuchosha isiyopigwa picha. Katika mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya kupima mashamba, watu wazitaje njia zao kwa majina: ya kisimani, ya shuleni, ya gulioni, ya makaburini. Ziingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama ardhi ya pamoja, kila moja na upana wake. Mita moja na nusu inatosha mwanamke mwenye mtungi kupishana na mwingine. Sheria ndogo ya kijiji iseme mwenye shamba anaruhusiwa kuihamisha njia pembeni, haruhusiwi kuikata. Njia za ndani ya mji, ambako utaratibu wa upimaji ni mwingine, nazo ziwekewe akiba kwenye ramani za viwanja.

Waongoza watalii wangekuwa na nafasi ya maana hapo. Hao ndio watu pekee wanaozipita njia za vijiji vyote mfululizo, kutoka mjini hadi Mtae, na ndio wanaojua ipi imekatika tangu mvua zilizopita. Orodha yao ya njia zilizofungwa, wakiiandika na kuipeleka kwa maofisa watendaji wa vijiji kila baada ya masika, ingekuwa na faida kuliko ramani ya rangi ya kutundika hotelini. Na ule mchango unaotokana na wageni, fungu moja lingeweza kulipa vibarua wa njia katika kila kijiji, watu wawili wenye majembe kwa siku chache kila mwaka, wachimbe mitaro ya kutoa maji na kupanga mawe kwenye utelezi.

Pingamizi ninalolisikia ni kwamba kijiji kikianza kuandika njia, kitaanza kuzitoza. Linawezekana, na kiingilio cha Irente ni ushahidi kwamba mahali penye mandhari hapakosi mtoza pesa. Lakini njia iliyoandikwa kuwa ya pamoja ni ngumu zaidi kuitoza kuliko ile ambayo kila mtu anadhani ni yake. Anayetaka kuweka kamba na kopo la hela kwenye shamba lake leo hana wa kumzuia. Njia ikiwa ya kijiji, mtendaji ana karatasi ya kumwonyesha.